Namna ya Kuanzisha Utalii wa Wanyamapori Mahali Ambapo Watalii Hawajafika

Vijiji vingi vilivyo kando ya misitu, mito na milima vina wanyama ambao mtu wa mbali angelipa ili awaone, lakini hakuna anayevijua. Wenyeji wakiamua kuchukua hatua, kwa kawaida huanza na majengo: vibanda vya wageni, lango, bango la rangi. Fedha zote zinaishia hapo. Mgeni wa kwanza anafika, anauliza mnyama yuko wapi, na hapatikani wa kumjibu kwa uhakika.

Mpangilio ninaoupendekeza hapa ni kinyume cha huo. Tunaanza na mnyama na mtu anayemjua, tunapita kwenye ardhi na makubaliano, na malazi yanakuja baadaye. Hifadhi kubwa yenye jina inaweza kustahimili siku mbaya, kwa sababu mgeni asipomwona simba atawaona tembo na twiga, na ataondoka ameridhika. Eneo lisilojulikana halina nafuu hiyo. Mgeni amesafiri njia ndefu kwa ajili ya kiumbe mmoja au wawili, na mnachomuuzia ni hakika kwamba mtu wa hapa anajua kiumbe huyo atakuwa wapi, na saa ngapi.

Hatua ya 1: Andikeni mlichonacho

Tafuteni watu wachache ambao tayari wanazunguka porini kwa shughuli zao: wachungaji, warina asali, wavuvi, wachuma dawa, na wale waliowahi kuwinda. Hao wa mwisho msiwaache nje. Mtu aliyeishi kwa kufuata nyayo anajua mambo ambayo mtaalamu wa chuo atahitaji miaka kuyagundua, na akipata kazi halali atakuwa na sababu ya kuacha mitego.

Kila mmoja apewe daftari na kalamu. Akimwona mnyama, au nyayo, au kinyesi kibichi, aandike tarehe, saa, mahali, idadi, mnyama alikuwa akifanya nini, na hali ya hewa. Mstari unaofaa unasomeka hivi: "Saa 12:40 asubuhi, chini ya mkuyu wa kwenye kijito, fisi maji 3, wanakula samaki, ukungu." Mstari usiofaa ni huu: "Tumewaona fisi maji mtoni." Wa kwanza unaweza kumpeleka mgeni, wa pili hauwezi. Asiyejua kuandika atumie kadi yenye picha za wanyama na atie alama. Namibia walifanya hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: walinzi wa wanyamapori wa vijijini hubeba daftari la matukio, na mwisho wa mwaka wenyewe huchora chati kutokana na walichoandika. Takwimu zinabaki kijijini, kwa wenye kuzihitaji kila siku.

Endeleeni kwa mwaka mzima, au angalau mpite msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Kisha kaeni chini na daftari zote mjiulize: ni mnyama gani anaonekana siku saba kati ya kumi mtu akienda kumtafuta? Ni miezi gani? Je, mgeni wa umri wa miaka 60 anaweza kufika pale kwa miguu? Mnyama aliyeonekana mara mbili kwa mwaka msimweke kwenye tangazo, hata awe chui.

Kuna programu mbili za bure zinazosaidia. eBird, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ilianza mwaka 2002 na hupokea orodha za ndege kutoka popote duniani. iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, hupokea picha za kiumbe chochote, na watumiaji wengine husaidia kumtambua. Watazama ndege wengi huamua safari zao kwa kuangalia eBird, kwa hiyo orodha zenu huko ni tangazo tosha. Ila wanyama wanaowindwa kwa ajili ya pembe, magamba au biashara ya wanyama hai msiwaweke hadharani pamoja na mahali halisi walipo, na zimeni alama ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha zao.

Mkiniuliza pa kuanzia, nitasema ndege. Mtazama ndege husafiri mbali kwa spishi moja, hukubali kuamka gizani, na hajali sana kama chumba ni cha kawaida mradi ni kisafi. Karibu na mji wa Mindo nchini Ecuador, mkulima anayeitwa Ángel Paz aligundua kwamba kwenye shamba lake palikuwa na mahali ambapo ndege madume wekundu hukusanyika alfajiri kuwachezea majike. Baadaye alimzoesha ndege mwingine, kwa jina la kisayansi Grallaria gigantea, mwenye haya kiasi kwamba watazamaji wenye uzoefu mkubwa walikuwa wakimsikia tu bila kumwona. Alimtupia minyoo, siku baada ya siku, mpaka ndege akawa anatoka akiitwa. Watu kutoka mabara mengine wakaanza kufunga safari kwenda kwenye shamba ambalo hapo awali halikuwa na jina. Hakuwa na simba wala tembo. Alikuwa na subira, na alimjua ndege wake.

Hatua ya 2: Jueni ardhi ni ya nani na mnyama ni wa nani

Katika nchi nyingi mnyama wa porini ni mali ya dola, hata akilala kwenye shamba lako. Kwa hiyo kabla ya kutoza mtu chochote, nendeni kwenye ofisi inayosimamia wanyamapori na ile ya ardhi, muulize kwa maandishi: kijiji kina haki gani ya kupokea wageni, leseni zipi zinahitajika, nani anatoza kiingilio, na sehemu gani inabaki hapa. Majibu yawe kwenye karatasi yenye muhuri. Jibu la mdomo huondoka na ofisa akihamishwa.

Ndani ya kijiji chenyewe, mfano bora ninaoujua ni wa Namibia. Sheria ya mwaka 1996 iliziruhusu jamii kuunda hifadhi zao na kupata haki juu ya wanyamapori na utalii. Hifadhi nne za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998, na sasa zimepita 80. Ili isajiliwe, jamii ilipaswa kuwa na vitu vitano: mipaka iliyokubaliwa na majirani, orodha ya wanachama, kamati inayowakilisha watu, katiba, na mpango wa namna mapato yatakavyogawanywa. Hata kama sheria ya kwenu haidai hayo, yafanyeni yote. Ugomvi mwingi wa utalii wa vijijini hutokana na kukosekana kwa kimoja kati ya hivyo vitano, hasa kile cha mwisho, kwa kuwa watu huahirisha kuzungumzia mgawo mpaka fedha ziwe mezani, na fedha zikishakuwa mezani kila mmoja ana hesabu yake kichwani.

Eneo likiwa dogo, na mashamba ni ya watu binafsi, kuna njia nyepesi zaidi. Belize, mwaka 1985, wakulima wa vijiji vya kando ya mto Belize walitia saini ahadi za hiari. Kila mmoja alikubali kubakiza miti kando ya mto na kuacha mistari ya misitu kati ya shamba na shamba, ili kima weusi wa kupiga mayowe wapate chakula na njia. Hakuna aliyenyang'anywa ardhi, na kima wakaendelea kuwapo, wakivuta wageni.

Hatua ya 3: Shughulikieni hasara kabla ya faida

Yupo mtu kijijini aliyepoteza mbuzi, au shamba lake lililiwa usiku mmoja. Mkimletea habari za utalii kabla ya kulizungumza hilo, mmempoteza, na yeye ndiye anayeweza kumwekea mnyama sumu.

Ladakh, kaskazini mwa India, chui wa theluji alikuwa akiingia kwenye zizi usiku na kuua kondoo na mbuzi wengi kwa mkupuo, na wafugaji wakawa wanamuua kwa hasira. Wahifadhi na wenyeji walianza na mazizi: waliyafunika juu kwa wavu wa chuma na kuyatia milango imara. Sambamba na hilo zikaja nyumba za kupokea wageni, kila kaya kwa zamu yake, na sehemu ya mapato ikaenda kwenye mfuko wa kijiji. Chui yule yule akaanza kuleta fedha ndani ya nyumba.

Tembeleeni kila kaya iliyopata hasara ndani ya miaka michache iliyopita, mwandike nini kilipotea, lini na kwa sababu gani. Kisha rekebisheni yanayorekebishika kwa gharama ndogo. Zizi, uzio, njia ya kuchotea maji, mahali pa kuchungia. Fedha za kwanza za utalii zielekezwe huko, na watu wote waone zimeelekezwa huko.

Hatua ya 4: Wajengeni waongozaji

Hapa ndipo ningeweka sehemu kubwa ya fedha na muda. Mwongozaji mzuri hufanya mahali pa kawaida pavutie, na mwongozaji mbovu huharibu hata msitu wa ajabu.

Chagueni kutoka kwa wale walioandika daftari. Ufasaha wa lugha za kigeni ni faida, lakini unafundishika. Jicho la porini huchukua miaka mingi kupatikana. Chagueni wanawake pia: wapo wanaojua msitu kwa sababu ya kuni, maji na dawa, na hakuna anayewauliza.

Mafunzo yahusu mambo haya zaidi ya mengine. Kwanza, kumwonesha mtu mnyama kwa maneno. Mwongozaji mpya husema "pale, kwenye mti", na mgeni anatazama miti mia. Aliyefundishwa husema: "Mti wenye gome jeupe. Panda mpaka tawi la kwanza upande wa kulia, fuata mpaka mwisho wake, shuka kidogo." Fanyeni zoezi hilo kila siku bila mgeni, mmoja akitafuta na mwingine akielekeza, bila kunyoosha kidole. Pili, kunyamaza. Mgeni hahitaji maelezo wakati mnyama yuko mbele yake. Tatu, huduma ya kwanza, pamoja na mpango wa kumfikisha mtu hospitalini: gari la nani, barabara ipi, nani anapigiwa simu. Fanyeni jaribio la kweli mara moja, mkimbeba mtu kwenye machela mpaka barabarani, mpime muda.

Vifaa si vingi. Kila mwongozaji awe na darubini ya mkono ya 8×42, maana yake hukuza mara 8 na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 42, kwa hiyo huona vizuri hata alfajiri na magharibi. Awe na kitabu cha kutambua viumbe wa eneo lenu, na tochi. Kwa matembezi ya usiku, tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu ya kupitisha mwanga, kwa sababu wanyama wengi wa usiku hawasumbuliwi sana na mwanga mwekundu.

Kificho, yaani kibanda cha kutazamia wanyama bila kuonekana, nacho kina thamani kubwa kuliko gharama yake. Kijengeni polepole, wiki kadhaa kabla ya mgeni kuingia, ili wanyama wakizoee. Kikae upande ambao jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwa watazamaji, na upepo wa kawaida wa saa hizo utoke kwa mnyama kuja kwa watu. Dirisha liwe usawa wa macho ya mnyama, hata kama hilo litawalazimu wageni kuketi chini, maana picha iliyopigwa kutoka juu haina uhai. Ndani pawe na giza. Njia ya kuingilia iwe na ukuta wa nyasi au matawi, na wageni waingie kabla ya mapambazuko na kutoka wote kwa pamoja. Mbele yake, hasa sehemu kavu, chimbeni dimbwi lenye kina cha vidole viwili au vitatu upande mmoja na mteremko wa taratibu, mweke tawi kavu la kutulia ndege kando yake, na mbadilishe maji kila siku. Msimu wa kiangazi dimbwi hilo litaleta ndege wengi kuliko matembezi ya nusu siku.

Hatua ya 5: Wekeni kanuni za kumkaribia mnyama, na mzitii

Ufilipino kuna miji miwili inayofaa kutazamwa sambamba. Donsol ilikuwa haijulikani hadi mwaka 1998, pale wazamiaji walipopiga video ya potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, kwenye maji yake. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku kuwavua potwe nchi nzima. Donsol wakaweka utaratibu: mashua moja kwa potwe mmoja, waogeleaji wasiozidi 6, kutogusa, na ofisa wa eneo anayeingia majini pamoja na wageni. Potwe wanakuja kwa msimu wao na kuondoka. Oslob wao walianza mwaka 2011 kuwalisha potwe uduvi kila asubuhi ili wasiondoke. Wageni wakafurika na fedha zikaingia, lakini wanyama wanaopaswa kusafiri baharini wakawa wanang'ang'ania pwani moja, na baadhi wamekutwa na makovu ya kugongana na mashua.

Mtu ataniuliza: na minyoo ya Paz je? Naiona tofauti. Minyoo michache asubuhi, kwa ndege asiyehama, ndani ya msitu ambamo anaendelea kujitafutia, haimbadilishii maisha kama kumzuia msafiri wa baharini asisafiri. Hata hivyo kulisha ni jambo la kufanywa na mtu mmoja mwangalifu, na kwa wanyama wakubwa, nyani na kima msilifanye kabisa. Nyani aliyezoea mkono wa mtu atapora, atang'ata, na mwisho atauawa.

Kwa masokwe wakubwa wa milimani, yaani gorila, kanuni zimeshapimwa: kundi la wageni lisizidi 8, saa moja tu kwa siku, kukaa umbali wa angalau mita 7 au 10 kulingana na mahali, kuvaa barakoa, na mgonjwa wa mafua haruhusiwi kwenda. Magonjwa yetu yanawaua. Kuwazoesha masokwe hao kwa watu huchukua takriban miaka miwili au zaidi, kwa hiyo mwenye haraka asianze na wao.

Kwa mnyama mwingine yeyote, mwongozaji asome mwili wake. Akiacha kula, akainua kichwa, akageuza masikio kwenu, mmefika mwisho wa ukaribu. Akianza kusogea, mmeshapita. Rudini nyuma taratibu mpaka aanze kula tena. Kanuni hiyo iwahusu pia wapiga picha wanaotoa bahashishi nene ili wasogezwe, na kamati imlinde mwongozaji anayewakatalia.

Hatua ya 6: Malazi

Anzeni na vyumba mlivyo navyo, kwa zamu kati ya kaya, kama Ladakh. Mgeni wa aina hii anahitaji shuka safi, chandarua kinapohitajika, choo kinachofungwa kwa ndani, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na chakula kinachoweza kuwa tayari kabla ya alfajiri. Hilo la mwisho husahauliwa mno. Jengeni kambi pale tu vyumba hivi vinapojaa msimu baada ya msimu.

Hatua ya 7: Mwekezaji akija

Atakuja mkianza kufanikiwa. Msimkatae kwa woga, wala msimpe kalamu siku ya kwanza.

Mkataba wa kujifunzia ni ule uliotiwa saini mwaka 1996 Peru, kati ya jamii ya Infierno, wakiwemo Waese'eja, watu wa asili wa huko, na kampuni ya Rainforest Expeditions, kwa ajili ya loji ya Posada Amazonas. Muda wake ulikuwa miaka 20, faida asilimia 60 kwa jamii na 40 kwa kampuni, na maamuzi nusu kwa nusu. Jamii iliunda kamati yake iliyokaa kwenye usimamizi, na wanajamii wakafundishwa kazi za kuendesha loji, si za kufagia peke yake. Tamaa ya asilimia kubwa isiwafumbe macho mkasahau hayo mawili ya mwisho.

Kwenye mkataba wenu angalieni kama mgawo wenu unahesabiwa kwenye faida au kwenye mapato ghafi, yaani fedha zote zinazoingia kabla ya kutoa gharama. Faida inaweza kupunguzwa kwenye vitabu mpaka ikawa sifuri, ilhali mapato ghafi yanahesabika kwa kichwa cha kila mgeni. Kama hamna mtu wenu ndani ya ofisi ya hesabu, daini mapato ghafi, hata kwa asilimia ndogo, pamoja na kiwango cha chini kinacholipwa kila mwaka hata wageni wasipokuja. Andikeni pia kinachotokea mkataba ukiisha: majengo yanabaki ya nani, na gharama za kuyaondoa nani anazibeba. Mlipeni mwanasheria wenu wenyewe.

Hatua ya 8: Fedha

Akaunti moja, watia saini watatu, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi. Rwanda, mwaka 2005, ilianza kutoa asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa jamii zinazozizunguka, na mwaka 2017 ikapandisha kufikia 10. Kwenu mnaweza kuanza na kitu kidogo zaidi, mradi kionekane: bomba la maji lenye kibao kinachosema limelipiwa na wageni waliokuja kuwaona fisi maji lina nguvu kuliko hotuba.

Hatua ya 9: Tangazeni kwa wachache

Alikeni kwanza watazama ndege wawili watatu wanaoheshimika, au waongozaji wa kampuni ndogo za mijini, walale kwenu bila malipo. Waombeni wawaambie makosa yenu ana kwa ana. Wakiondoka wameridhika, orodha zao na maneno yao yatawafikia watu mnaowataka. Kwenye picha na maandishi yenu semeni ukweli wa msimu: "Mwezi wa nne hadi wa sita njia zina matope na nafasi ya kuwaona ni ndogo." Mgeni aliyeonywa hukasirika kidogo. Aliyedanganywa huandika.

Hatua ya 10: Wekeni kikomo na akiba

Kila mwisho wa msimu fungueni daftari za mwaka wa kwanza mzilinganishe na za sasa. Fisi maji wakiwa wamehama kutoka kwenye mkuyu, punguzeni wageni au mpumzishe sehemu hiyo, na mbadilishe njia. Kikomo cha wageni kwa siku kiandikwe kwenye katiba ili asitokee mwenyekiti wa kukipandisha kwa sababu ya basi moja lililofika bila taarifa.

Mwaka 2020 mipaka ilifungwa na utalii ukasimama karibu dunia nzima kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo, msimruhusu mtu yeyote aache kilimo, uvuvi au ufugaji wake kwa ajili ya wageni, na mweke akiba ya kulipa walinzi na waongozaji kwa miezi 6 bila mgeni hata mmoja. Ikibidi kubana matumizi, anzeni na posho za vikao, kisha matangazo, kisha ukarabati wa vyumba. Mishahara ya wanaozunguka porini na daftari iwe ya mwisho kuguswa.